Msimu Niliokaa Milangoni kwa Watu

27 Mei 1957, Iyunga

Yotamu.

Nimeliandika, na mkono haujaoza. Yotamu, Yotamu, Yotamu. Mkamwana wa Kinyakyusa hataji jina la baba mkwe wake, hamtazami usoni, wala hakutani naye njiani. Nikisikia anakuja najitupa pembeni, najifunika kanga gubigubi, naipa njia mgongo mpaka apite. Tangu Anania anioe na kunileta hapa, nyumba yetu na ya baba yake zimetenganishwa na ua wa matete tu, na mpaka leo sura ya mzee huyo siijui. Namjua kwa fimbo yake yenye chuma nchani, ko, ko, ko. Namjua kwa harufu ya ugoro na kwa anavyosafisha koo kabla ya kusema. Basi.

Naandika Kiswahili kwa makusudi. Mama mkwe wangu, Ikupa, anasoma kitabu cha nyimbo cha Kinyakyusa na hasomi kingine. Hata akilikuta daftari hili atawashia moto tu.

Baridi imeingia. Asubuhi umande ulikuwa umeganda juu ya majani ya maboga, na kila nyumba mtoto anakohoa. Mwaka jana baridi ilipoingia nilikuwa na Isakwisa, mwanangu wa kwanza, ameanza kukimbiza kuku. Sikio lake la kushoto lilijikunja nchani. Nikimnyonyesha nilikuwa nalinyoosha kwa kidole, nikiliachia linajikunja tena. Kwetu hakuna mwenye sikio hilo, na Anania hana.

Alipata mafua, halafu kikohozi, kama watoto wote. Nilikwenda mtoni kuchota maji. Niliporudi mtoto hayupo. Mama mkwe alikuwa amempeleka ng'ambo ya ua, kwa babu yake, akatwe kimeo.

Yotamu ndiye mkata kimeo wa huku kwetu. Ni kile kinyama kinachoning'inia ndani ya koo. Wazee wanasema mtoto akikohoa bila kupona ujue kimeo kimerefuka, kinamkuna. Wanakikata kwa chuma kilichopinda kama mundu mdogo, na eti kikohozi kinaisha. Nilitua ndoo nikakimbilia kwenye ua. Sauti ya mwanamke ikanipokea, "Mkwe asiingie! Baba yupo!" Nikasimama. Sisi tumelelewa hivyo, miguu inasimama yenyewe. Nilimsikia mwanangu akilia, kisha nikamsikia analia na kitu kimemjaa mdomoni. Matete yalikuwa mbele ya pua yangu, nami nimejifunika kanga kwa heshima ya mtu anayemkata mwanangu.

Alitoka damu, akapata homa, hakumaliza wiki. Watu wakasema Mungu amemchukua. Mungu gani? Mungu hana kisu.

Sasa nina Tusekile, niliyekuwa na mimba yake wakati ule, bado ananyonya. Naapa hapa, kwa wino, baridi hii Yotamu atanilipa. Sijui kwa njia gani. Lakini atanilipa, tena mbele za watu.

30 Mei

Upepo kutwa nzima. Nimepepeta maharage, vumbi lote machoni.

3 Juni

Tusekile kaamka na kamasi. Mama mkwe alichungulia juu ya ua akamsikia anapiga chafya, akasema, "Na huyu naye anaanza." Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda mjini kliniki. Rozalia alinisindikiza. Huyu ni jirani yangu, Mhehe wa Kalenga, mumewe Liberatus anafanya kazi ya barabara. Njiani tulisikia ko, ko, ko, nikajirusha mtaroni na mtoto mgongoni. Rozalia akashika kiuno.

"Ee mama! Kwetu Kalenga nasi tunawaheshimu wakwe, lakini nyie mmezidi. Siku moja utajitupa kisimani."

"Cheka tu."

"Sicheki. Nakupangusa matope."

Muuguzi wa kliniki ni mama mnene asiye na haraka. Alimvua Tusekile nguo, akakaa anamtazama kifua tu bila kumgusa, mpaka nikaona aibu. Kisha akasema, "Haya ni mafua, mama. Mafua hayana dawa, yanakuja yanakwenda. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida. Pua ikiziba, maji yaliyochemka na chumvi kidogo, yakipoa mdondoshee tone pande zote kabla ya kunyonya. Mtoe kwenye moshi wa jikoni. Mfunike, lakini usimfunge kama mzigo wa kuni."

Nikamuuliza habari za kimeo. Akaweka kalamu chini.

"Koo likivimba na kimeo kinavimba. Koo likipona kinarudi. Kimeo hakina kosa lolote. Mama, wewe tazama kifua. Akianza kuhema mbiombio hata amelala, mbavu zikawa zinazama akivuta pumzi, au akikataa ziwa, hapo usiulize mtu. Mlete. Hicho ni kichomi, kinataka sindano."

Nilirudi nikiyasema maneno hayo njia nzima, kama mtoto anayetumwa dukani.

6 Juni

Tusekile ananyonya vizuri. Kamasi nyingi, mbavu hazizami. Nimemtazama kifua mpaka shingo inauma.

9 Juni, Jumapili

Kanisani Yotamu anakaa mbele upande wa wanaume, mimi nyuma ya nguzo na kanga usoni. Anaimba besi. Ana sauti nzuri, hilo nalo linaniudhi. Nilikuwa nawaza, sauti hiyohiyo ilisema nini siku ile? Ilimwambia mwanangu afumbue kinywa?

13 Juni

Tusekile amepona mafua. Bila kisu. Nilimpitisha kando ya ua makusudi, nikasema kwa sauti, "Huyo, mwanangu mzima, kimeo chake anacho!" Ng'ambo mtu akasafisha koo.

Nilifurahi mpaka jioni.

15 Juni

Leo lazima niandike yote.

Asubuhi Rozalia alikuja mbio hana hata viatu. Mtoto wake anakohoa tangu juma lililopita, na Liberatus, bila kumwambia, amemwita Yotamu aje amkate. "Mama Tuse, wewe unajua kusema. Njoo unisaidie kumkatalia huyu mwanaume." Nikaenda. Liberatus tulimkuta amekaa uani ananoa jembe. Nilimweleza yote ya kliniki, naye anaitikia "ndiyo shemeji, ndiyo shemeji" na huku ananoa. Nimeona wanaume wengi wanaosema ndiyo hivyo. Nikaingia ndani kumtazama mtoto. Mbavu shwari. Nikakaa kizingitini nimpe Tusekile ziwa.

Mara nikasikia ko, ko, ko.

Pa kukimbilia hapakuwapo. Nyumba ina mlango mmoja na mimi ndiye nimekaa mlangoni. Nikavuta kanga usoni, nikainama. Watoto wa nje wakapiga kelele kama walivyofundishwa, "Mkwe yupo! Babu, mkwe yupo!"

Fimbo ikasimama.

Nilimsikia anasafisha koo. Nikamsikia Liberatus akisema, "Karibu mzee, atatoka sasa hivi." Mimi sikutoka. Si kwa ujanja, nilikuwa na hofu tu, na Tusekile ameng'ang'ania ziwa. Tukakaa hivyo. Kisha fimbo ikageuka. Ko, ko, ko, ikarudi ilikotoka.

Rozalia alinitazama, nami nikamtazama. Akaziba mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yanatikisika.

"Mama Tuse," akasema, "kumbe na yeye anafukuzika!"

Jamani! Tangu niolewe nimeuona mwiko huu kwa upande wangu tu. Mimi ndiye najitupa mtaroni, mimi ndiye nasimama nje ya matete mwanangu akilia. Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye amefungwa kamba hiyohiyo. Nilipo mimi, yeye haingii. Mkamwana akiwa mlangoni, mzee mzima na chuma chake lazima ageuze.

Basi nimepata njia. Yotamu, nitakaa.

16 Juni, Jumapili

Nimeomba kanisani. Sitaandika niliomba nini.

19 Juni

Mama mkwe ana tabia mpya ya kusema na kuku. Leo alikuwa anawamwagia mtama karibu kabisa na ua, anasema kwa sauti, "Kuleni, kuleni, leo mzee wenu anakwenda kwa Eliezeri, mtoto wao anakohoa." Bibi huyu hana haya. Yeye ndiye aliyembeba Isakwisa, na sasa anajigamba nikisikia. Nilitema mate chini. Kisha nikamfunga Tusekile mgongoni nikapita njia ya mkato kwa Eliezeri.

Fimbo ikaja. Fimbo ikarudi.

22 Juni

Kwa dada yake Eliezeri, vilevile. Nimewafundisha maji ya chumvi. Yule mkubwa wao nimemkorogea chai ya ndimu na asali, amekunywa akaomba tena. Wachanga asali siwapi, muuguzi alinikataza.

25 Juni

Kuku wamehubiriwa tena. Nimekwenda tena.

28 Juni

Baridi kali mno, maji ya ndoo yamefanya ngozi ya barafu. Nilikaa kizingitini kwa watu tangu asubuhi mpaka miguu ikafa ganzi. Safari hii alingoja. Nilimsikia anatembea nyuma ya nyumba, anakohoa, anarudi, anaondoka, anarudi tena. Aliyetaka kumuumiza angefanyaje zaidi ya hapo? Mimi nimekaa tu, nanyonyesha. Alipokwenda zake, watoto walimfuata wakiigiza fimbo yake kwa vijiti, ko, ko, ko. Mtu aliyekuwa anaogopwa vijiji vyote hivi! Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Baadaye yakawa machozi tu.

2 Julai

Nyumba moja juu huko mlimani, nilifika nikamtazama mtoto na nikajua hili silo la kukaa mlangoni. Anahema mbiombio, chini ya mbavu panaingia ndani, midomo ina rangi ya majivu. Bibi yake ananiambia, "Tunamngoja mzee wa kimeo." Nikamwambia, "Mkimngoja mtazika." Alinitukana. Nikamshika mama wa mtoto mkono, tukashuka naye mpaka barabarani, tukasimamisha lori la magunia, tukaenda hospitali. Amechomwa sindano. Tumewaacha huko, mtoto anahema afadhali.

Nilipokuwa narudi nilijiuliza, Atuganile, unafanya haya kwa ajili ya watoto au kwa ajili ya Yotamu? Nikajijibu kwamba ni kwa ajili ya Yotamu. Watoto na wapone, sikatai.

7 Julai, Jumapili

Mzee wa kanisa, Sedekia, alinisimamisha baada ya ibada.

"Binti yangu, nasikia unamwinda mkweo."

"Mimi? Mimi namheshimu, mzee. Akija najifunika."

"Unakwenda kukaa anakokwenda yeye."

"Nakwenda kusalimia wagonjwa. Kanisa limekataza?"

"Halijakataza."

"Na mwiko wa mkwe, kanisa limeufuta?"

Akakuna kidevu. "Kanisa halijaufuta, wala halijaulazimisha."

"Basi, mzee, mimi niko katikati hapo."

Alitamani kucheka, nilimwona. Akaniambia nisimfanyie mzee mwenzake kisasi. Nikamwambia ndiyo baba. Nimesema ndiyo kama ile ya Liberatus.

10 Julai

Tunavuna mahindi. Hakuna aliyemwita Yotamu wiki hii. Hata kuku hawakuambiwa kitu.

13 Julai

Anania amerudi kutoka Chunya, machimboni anakofanya kazi, mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Amemletea Tusekile sweta ya manjano. Nilidhani amekuja kuvuna. Baada ya kula akasema, "Habari zimenifikia kulekule. Wananicheka. Wanasema mke wangu anamfukuza baba yangu milangoni kwa watu."

"Hawajasema uongo."

"Atuga, unataka nini?"

"Nataka asikate tena."

"Ni hayo tu?"

"La. Nataka aumie."

Kisha akafungua kinywa, akageukia mwanga wa mlangoni, akaniambia nitazame. Nimeishi naye miaka yote hii nisijue. Kimeo hana, pana kovu tu. "Baba alinikata mimi, akawakata ndugu zangu wote," akasema. "Sikufa. Isakwisa alikuwa na siku zake."

Nikamwambia, mwenye siku alikuwa baba yako, na sasa zimefika.

Tumelala mgongo kwa mgongo.

17 Julai

Tusekile anakohoa tena. Homa. Matone ya chumvi, maziwa, sijamweka chini kutwa.

18 Julai

Vilevile. Anania ananitazama.

20 Julai

Naandika hospitalini, kwa penseli ya muuguzi. Tusekile amelala mapajani mwangu. Anahema vizuri sasa, nimemtazama kifua mara nyingi.

Jana asubuhi alikataa ziwa. Nikamfunua, nikaona mbavu zinazama. Nikamwambia Anania, "Kichomi hiki, twende hospitali." Akasema, "Tutakwenda. Kwanza apite kwa baba. Nimekwisha kumpa ahadi." Nilidhani nimesikia vibaya. Nikaingia chumbani kuchukua blanketi la kumbebea, na nilipotoka hawapo, si yeye wala mtoto.

Nilikimbia. Nilifika kwenye matete palepale pa mwaka jana, na sauti ikapigwa, "Mkwe asiingie! Baba yupo!"

Ujanja wangu wote wa milangoni ulikuwa haunifai kitu. Safari hii yeye ndiye alitangulia kukaa. Mimi ndiye wa nje tena. Na ndani Tusekile akaanza kulia, kilio kile cha sauti iliyokauka.

Niliivua kanga kichwani. Niliitupa chini, nikayapasua matete kwa mikono miwili, nikaingia kichwa wazi. Wanawake walipiga yowe kana kwamba nimeingia uchi. Nilikuwa nimejiandaa kumwona. Nilitaka kumwona! Lakini alipozisikia nyayo zangu, alilivuta shuka lake kichwani na kuugeukia ukuta. Mzee mzima, amejikunja ukutani kama mimi ninavyojikunja mtaroni. Chuma kilikuwa ndani ya bakuli la maji ya moto. Anania amemkalisha mtoto magotini, mama mkwe amesimama pembeni mikono nyuma, hakumshika mtoto kichwa. Niliona hilo.

"Lete mwanangu," nikamwambia Anania.

"Atuga, baba yupo."

"Namwona. Amejifunika. Lete mwanangu."

Mama mkwe ndiye aliyempokonya Anania mtoto, akanipa. "Kimbia," akasema.

Nilikimbia. Kwenye barabara kuu Anania alinikuta, ananihemea nyuma. Akamchukua mtoto kwa sababu yeye ana mbio kunizidi, akatangulia. Nilipofika hospitali Tusekile alikuwa amekwisha kuchomwa sindano ya kwanza, na baba yake amekaa chini ukutani, amefunika uso kwa ile sweta ya manjano.

24 Julai

Tumerudi nyumbani. Ananyonya kama ndama.

26 Julai

Wazee wamekutana. Nimevunja mwiko mbele ya mashahidi, nimeingia alipo mkwe kichwa wazi. Wanasema baba yangu atoe ng'ombe wa kusafishia nyumba. Anania alisimama akasema ng'ombe hatatolewa, na kama atatolewa basi watoe na wao wa Isakwisa kwanza. Sikujua kama mume wangu ana maneno hayo. Nimempikia ndizi na nyama, nikamwongezea.

1 Agosti

Mama mkwe amekuja na yai la Tusekile. Tukakaa tunapukuchua mahindi. Nilikuwa nimemnunia kwa mwaka mzima na sikuwa na nia ya kuacha. Akasema, "Mkamwana, wewe ulifikiri kuku wanaambiwa safari za mzee ili wafanye nini?"

Punje zikanikwama mkononi.

"Mwaka jana mimi ndiye nilimshika mtoto kichwa," akasema. "Aliniuma kidole. Mpaka leo kidole hiki nikikitia kwenye maji kinaniuma, na kovu halipo. Kumkataza mzee siwezi. Nikaona wewe unaweza."

Nilimsogezea kikapu. Nimekuwa nikimtemea mate mtu aliyekuwa upande wangu.

5 Agosti

Mama mkwe ameleta ujumbe. Yotamu anataka tufunguliane, mwiko uishe. Baba mkwe akimpa mkamwana zawadi mbele ya mashahidi, naye akaipokea, basi wanaonana na kusalimiana kama watu wengine. Anatoa ndama jike.

Nimemwambia hapana.

7 Agosti

Rozalia anasema mimi ni mwendawazimu, ndama jike! Nikamwambia afikiri. Mwiko ukiisha, nikikaa mlangoni atanisalimia tu, "Ndaga, mkamwana," na kunipita aende kukata. Ananinunua kwa ndama ili apite.

"Lakini utamwambia usoni," Rozalia akasema. "Si ndicho ulichokuwa unalilia?"

Huyu Mhehe ana mdomo.

11 Agosti, Jumapili

Nimepeleka jibu kwa mama mkwe. Ndama sitaki. Nataka kile chuma cha kukatia. Akinipa chuma kwa mkono wake mwenyewe, mbele za watu, nitaupokea mwisho wa mwiko.

12 Agosti

Hakuna jibu.

15 Agosti

Hakuna jibu. Ng'ambo ya ua fimbo haitembei.

18 Agosti, Jumapili

Kiti chake kanisani kitupu. Besi imepwaya, nyimbo zote zimepinda.

21 Agosti

Upepo umegeuka, mchana kuna joto. Watoto wameacha kukohoa kijiji kizima. Mama mkwe ameongea na kuku. "Kuleni," akasema, "mzee wenu amekubali. Jumapili."

25 Agosti, Jumapili

Walikaa uani kwake baada ya ibada. Sedekia wa kanisa, wazee, Liberatus na Rozalia, Eliezeri na mkewe, na yule mama wa mlimani na mtoto wake mgongoni, mzima. Nilitaka mbele za watu, nami nimepata. Nilivaa kanga mpya. Tusekile nilimpakata mwenyewe.

Nilipita kwenye matete nimeinamisha kichwa. Niliona miguu yake, vidole vimepasuka kwa baridi. Nikaona mkono umeshika kitambaa, na ndani ya kitambaa chuma. Nikakipokea. Ni chepesi, sikudhani kitakuwa chepesi hivyo.

Sedekia akasema, "Sasa onaneni."

Maneno yangu niliyapanga mwaka mzima. Niliyasema mtoni, niliyasema shambani, niliyajua kwa moyo. Nikainua macho.

Isakwisa.

Paji lake. Mdomo wake, unavyobinuka kama anayetaka kulia. Na sikio la kushoto limejikunja nchani. Mwanangu amekaa pale kwenye kigoda, amekuwa mzee, meno yamemtoka, ndevu nyeupe. Wote walijua! Kijiji kizima kilijua kwamba nimemzaa babu yake mtupu, ila mimi peke yangu, kwa sababu mimi peke yangu nilikatazwa kutazama.

Naye alikuwa ananitazama, maana hata yeye hakuwahi kuniona. Lakini niliapa kwa wino. Niliyatoa yale maneno, na sauti haikuwa ile niliyoipanga.

"Yotamu. Ulimuua mwanangu."

Wazee waliguna. Yeye alisafisha koo.

"Najua," akasema. "Nilijua siku ileile. Nikaendelea kuwakata wengine, nikitafuta watakaopona, nipate kusema si mkono wangu. Ulipoanza kukaa milangoni, mkamwana, mimi usingizi ulianza kunijia."

Nilitaka aumie, na ameumia. Nilimwona. Nilidhani nitashiba.

Nilimpa Rozalia mtoto, chuma nikakitumbukiza chooni, mbele yao wote. Nikarudi. Tusekile alikuwa amekwisha kuteleza kutoka kwa Rozalia, yuko magotini kwa babu yake, ameshika lile sikio, analinyoosha, anacheka linavyojikunja tena. Hakuna aliyemfundisha.

Sijamsamehe. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye. Lakini mwiko umekwisha, na hana haki tena ya kujifunika mbele yangu. Kesho nikimaliza kupukuchua mahindi nitakwenda kukaa mlangoni kwake, nimtazame usoni mpaka nichoke.

26 Agosti

Nimekwenda. Sikuchoka.